Mwenye Mchezo ni Nani? Tarakilishi, Michezo ya Video na Baraza la Vijana wa Kinango kwa Mizani ya Fasihi Simulizi

Utangulizi

Mwaka 2013 muungano wa Jubilee uliwaahidi Wakenya kwamba kila mtoto aingiaye darasa la kwanza katika shule ya umma angepewa tarakilishi yake. Ahadi hiyo ilichelewa, ikabadilika umbo, na kuanzia mwaka 2016 ikatekelezwa kwa vishikwambi vilivyogawiwa shule za msingi nchini, zaidi ya milioni moja kwa jumla. Katika mjadala mrefu uliofuatana na mpango huo, swali lililotawala lilikuwa la hesabu: vishikwambi vingapi, kwa shule ngapi, kwa gharama gani. Ni nadra kusikika swali ambalo mwanafunzi wa fasihi angetarajiwa kulitanguliza: ndani ya mashine hiyo anasema nani, anasema kwa lugha gani, na mtoto anayesikiliza ana haki gani ya kujibu?

Makala haya yanakusudia kulijadili swali hilo kwa kuchunguza mambo matatu ambayo aghalabu husifiwa au hulaumiwa kwa pamoja bila kutenganishwa, nayo ni mchezo wa video, jamii ya watu wakutanao kwa njia ya intaneti, na umilikaji wa tarakilishi. Mahali panapochukuliwa kuwa mfano ni Kinango, katika Kaunti ya Kwale, mji wa soko ulio nyuma ya Milima ya Shimba, katika nchi kavu ya wafugaji. Wenyeji wake wengi ni Waduruma, ambao nyumbani husema Chiduruma, sokoni na barazani hutumia Kiswahili, na shuleni hudaiwa Kiingereza. Mji huu unafaa kwa uchunguzi huu kwa kuwa ni mahali ambapo mashine ni chache na wasemaji ni wengi. Katika sensa ya Kenya ya mwaka 2019, miongoni mwa watu wa umri wa miaka 3 na zaidi nchini kote, asilimia 47.3 walikuwa na simu ya mkononi, asilimia 22.6 walitumia intaneti, na asilimia 10.4 tu walitumia tarakilishi. Hizo ni takwimu za taifa zima, zikiwamo Nairobi na Mombasa. Mhakiki hahitaji ramli kukisia kwamba nchi kavu ya Kwale haikuwa mbele ya wastani huo.

Dai la makala haya ni kwamba thamani ya vyombo hivi haipimwi kwa idadi yake wala kwa uzuri wa picha zake. Hupimwa kwa kiasi cha mamlaka anayopata mtumiaji ya kukibadili kile alichopewa. Mizani hiyo haikubuniwa leo. Ndiyo mizani ambayo jamii za pwani zimeitumia tangu zamani katika ngano, vitendawili na bao.

Mizani yenyewe

Katika makala yake juu ya tanzu za fasihi simulizi, yaliyotoka katika jarida la Mulika mwaka 1989, M. M. Mulokozi alisisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio la kijamii linalotawaliwa na mwingiliano wa fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. Ubora wa maelezo hayo ni kwamba yanamtoa mhakiki katika tabia ya kuitazama ngano kana kwamba ni maandishi yaliyokosa karatasi. Hadhira imo ndani ya kazi. Haikai nje yake ikisubiri kuletewa. Msimulizi hutangulia kuomba ruhusa ya kusimulia, hadhira humpa, na katikati ya masimulizi humkatiza, humwimbia, humsahihisha, na pengine humlazimisha abadili mwisho.

Vitendawili vinaonyesha jambo hilo waziwazi zaidi. Mtegaji husema “Kitendawili!” na wenzake hujibu “Tega!” Wakishindwa kukitegua, mtegaji hudai mji. Akipewa mji wa kwanza aweza kuukataa, akadai wa pili, hata apate ule unaomridhisha; ndipo auzungumze kidogo kwa maneno ya mzaha na kutoa jibu. Wahakiki wengi wameipita kanuni hii kana kwamba ni pambo tu. Ukweli ni kwamba ndani yake mna fikra nzito ya kijamii. Aliyeshindwa hatoki mikono mitupu, wala hafukuzwi mchezoni. Yeye ndiye achaguaye mji wa kutoa, na kwa uchaguzi huo huingiza sehemu ya ulimwengu wake katika mchezo wa mwenziwe. Mtoto wa Kinango aweza kutoa Mombasa, aweza kutoa Makka, na akipenda aweza kutoa Kinango.

Bao nalo lafundisha somo hilo kwa njia nyingine. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na huchezwa kwa hatua mbili, namua na mtaji. Kila shimo lenye kazi maalumu lina jina lake, kama nyumba, kichwa na kimbi, na majina hayo ni ya lugha ya wachezaji wenyewe. Mchezaji wa bao hana haja ya kuazima lugha ya fundi aliyelichonga ubao. Aidha, wanaotazama si wageni. Hushauri, hubeza, husifu, na wengine hujulikana mtaani kwa maneno yao kuliko kwa ushindi wao. Bao huchezwa kwa mkono na kwa kinywa pamoja.

Kutokana na mifano hii yanapatikana maswali matatu ya kumwongoza mhakiki wa mchezo wowote, uwe wa kete au wa umeme. Lugha ya mchezo ni ya nani? Hadhira imepewa nafasi gani? Na aliye chini ana uwezo gani wa kuugeuza mchezo?

Kibanda cha michezo kama tukio la fasihi

Katika miji midogo ya Kenya, ikiwamo ya pwani, kijana asiyekuwa na mashine yake huenda katika kibanda cha michezo ya video. Kibanda cha aina hiyo kinajulikana vya kutosha: chumba kimoja, televisheni moja au mbili, mashine ya PlayStation ambayo mara nyingi ni ya toleo lililokwisha kupitwa, viti vya mbao, na ada ndogo inayolipwa kwa kila mchezo. Mchezo unaopendwa kuliko yote ni kandanda, hasa ule uliojulikana kwa jina la FIFA hadi toleo la mwaka 2022, na ambao tangu mwaka 2023 umekuwa ukitolewa kwa jina la EA Sports FC. Desturi ya kawaida ni kwamba aliyeshinda hubaki kitini na aliyeshindwa humpisha mwingine.

Wazazi na walimu wengi hukiona kibanda hiki kuwa mahali pa upotevu, na hoja zao zitajadiliwa baadaye. Kwa sasa yafaa kukitazama kwa jicho la fasihi simulizi. Fanani yupo, naye ni mchezaji. Hadhira ipo, tena imebanana naye bega kwa bega. Mahali na wakati vina mipaka yake. Johan Huizinga, mwanahistoria wa Uholanzi, katika kitabu chake juu ya mchezo na utamaduni kilichotoka mwaka 1938, aliona kwamba kila mchezo huchora duara lake mahali fulani na kwa muda fulani, na ndani ya duara hilo sheria za kawaida husimama. Kibanda ni duara la namna hiyo.

Jambo la kuzingatiwa zaidi ni sauti. Ndani ya mashine mna mtangazaji aliyerekodiwa studio, na katika vibanda vya Kenya mtangazaji huyo husema Kiingereza. Maneno yake yamehesabiwa. Baada ya michezo michache huanza kujirudia. Hapo ndipo hadhira inapoingia. Watazamaji humfunika mtangazaji kwa utangazaji wao, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Chiduruma, Chidigo na lugha ya mitaani ya Mombasa. Humpa mchezaji wa Ulaya aliyemo kwenye kioo jina la jirani yao anayekimbia vivyo hivyo. Humtania aliyefungwa kwa kumkumbusha deni, uchumba uliovunjika, au mbuzi aliyempotea. Huyo aliyefungwa hujibu kwa majigambo. Mtafiti wa majigambo na vijembe hangekosa cha kunakili.

Kwa hiyo kibandani zimo matini mbili zinazoshindana. Moja ni ya mashine, nayo ni kamilifu na haibadiliki. Nyingine ni ya baraza, nayo ina makosa, matusi na marudio, lakini hubadilika kila jioni. Ikiwa mhakiki ataulizwa fasihi iko wapi katika vitu hivi viwili, hana budi kuelekeza kidole kwa wale waliokaa kwenye viti vya mbao. Walter Ong aliandika mwaka 1982 kwamba vyombo vya umeme vimeleta usimulizi wa pili, unaofanana na ule wa kale kwa kuwakusanya watu lakini uliosimama juu ya msingi wa maandishi. Kinango inaongeza jambo katika nadharia hiyo. Usimulizi wa pili haukumnyamazisha yule wa kwanza. Umeketi katikati yake, na unajibiwa.

Hata hivyo, isisahaulike kwamba jibu hilo halifiki popote. Majina yaliyobuniwa kibandani hayaingii katika mashine. Mchezo ukizimwa, utangazaji wa vijana hufa pamoja nao, na kesho mtangazaji wa Kiingereza huanza upya kana kwamba hakuna aliyepata kumjibu. Hadhira ina kinywa, lakini haina mkono wa kufikia mchezo wenyewe. Kwa swali la kwanza na la pili kibanda chafaulu kwa sababu ya watu wake. Kwa swali la tatu chashindwa.

Mganga ndani ya mashine: fani na maudhui ya Zau

Kama lawama iliyotajwa ni ya lugha na utamaduni, huenda mtu akasema kwamba dawa yake ni mchezo uliotungwa na Mwafrika na kusemwa kwa Kiswahili. Mchezo kama huo upo. Mnamo Aprili 2024 ilitoka kazi iitwayo Tales of Kenzera: Zau, iliyoundwa na Surgent Studios chini ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, na mchezaji aweza kuchagua kuisikiliza kwa Kiswahili. Kazi hiyo yastahili kuhakikiwa kama inavyohakikiwa riwaya au tamthilia.

Kimaudhui, ni kazi ya msiba. Salim ameeleza hadharani kwamba aliitunga kutokana na huzuni ya kufiwa na baba yake. Kijana Zuberi, aliyefiwa na baba, anasoma kitabu alichoachiwa na marehemu, na ndani ya kitabu hicho mna hadithi ya Zau, mganga kijana. Zau anamwita Kalunga, mungu wa mauti, na kufanya naye mapatano: amkabidhi roho kuu tatu, naye arudishiwe baba. Anavaa kinyago cha jua na kinyago cha mwezi, na kwa nguvu za vinyago hivyo anapigana na kupita nchi moja baada ya nyingine. Muundo wa hadithi ndani ya hadithi umetumika kwa ustadi, kwa sababu unamfanya mchezaji atambue kwamba vita vya Zau ni njia ya baba kumfundisha mwanawe kuomboleza. Safari haiishii katika kumrudisha aliyekufa. Inaishia katika kukubali kwamba ameondoka. Mchezo wa mapigano unaomfikisha mtu katika kukubali badala ya kushinda ni jambo la heshima kisanaa.

Lakini mhakiki hapaswi kuridhika upesi. Kazi hii ilitangazwa kuwa imetokana na masimulizi ya Wabantu. Roho tatu zinazowindwa ni Impundulu, GaGorib na Kikiyaon. Impundulu, ndege wa radi, ni wa masimulizi ya kusini mwa Afrika, miongoni mwa Wazulu na Waxhosa. GaGorib ni wa Wakhoikhoi, ambao si Wabantu. Kikiyaon hutajwa katika masimulizi ya Afrika Magharibi. Kalunga mwenyewe ni jina lenye mizizi Kongo na Angola. Mchanganyo huu si dhambi, kwani kila mtunzi huazima. Tatizo ni kwamba bara zima limefanywa ghala moja ambamo kila kitu chaweza kuchukuliwa na kuwekwa kando ya kingine, na mchezaji hapewi njia ya kujua kipi ni cha nani.

Tatizo la pili ni la falsafa. Katika mapokeo ya Wamijikenda, wakiwamo Waduruma, Mungu huitwa Mulungu, na wafu huitwa koma. Koma hawajaenda mahali ambako ni lazima washindaniwe kwa vita ili warudishwe. Wako karibu, huwajia walio hai katika ndoto, huuliza kwa nini wamesahauliwa, na hutulizwa kwa tambiko. Kwa fikra hiyo, swali la Zau, yaani namna ya kumrudisha baba, si swali la kwanza. Swali la kwanza ni namna ya kuendelea kusema naye. Na mganga wa mapokeo hayo hafanyi kazi peke yake jangwani akiwa na silaha. Hufanya kazi penye ngoma na watu, na mgonjwa hupona mbele ya jamaa zake. Mchezo umemchukua mganga na vinyago vyake, ukawaacha wapiga ngoma.

Hapa panaonekana mpaka wa dawa ya lugha peke yake. Kiswahili kimeingia katika mashine, na huo ni ushindi ambao hapana mwalimu wa lugha atakayeubeza. Mtoto wa Kinango asikiapo mashujaa wa kioo wakisema lugha aijuayo, hujifunza kwamba lugha hiyo yaweza kubeba mambo makubwa. Lakini mtoto huyo angali msikilizaji. Akiona kwamba mganga huyu hana ngoma, hawezi kumletea ngoma. Hadhira ya ngano ingeliweza.

Jamii isiyokutana mahali pamoja

Swali la mamlaka ya kubadili linampeleka mhakiki kwenye jambo la pili, yaani jamii ya mtandaoni. Jambo hili nalo lina historia yake katika Kiswahili. Kwa miongo mingi washairi wa pwani na bara walijibizana katika kurasa za magazeti, Taifa Leo likiwa miongoni mwake. Mshairi alitega swali kwa beti, mwingine wa mji wa mbali akajibu, na wasomaji wakafuatilia malumbano kama wafuatiliavyo mchezo. Wengi wa washairi hao hawakupata kuonana uso kwa uso. Ilikuwa jamii ya kweli iliyoshikamana kwa arudhi na kwa subira, maana jibu lilingoja zamu yake kwa mhariri.

Siku hizi malumbano hayo yanaendelea pia katika makundi ya WhatsApp, na jibu huja kabla chai haijapoa. Faida yake kwa mji kama Kinango ni kubwa. Mshairi asiyekuwa na nauli ya kwenda Mombasa kila juma aweza kukosolewa vina na mwenziwe wa Pemba. Hasara yake ni kwamba beti zinazotungwa kwa haraka husahauliwa kwa haraka, na hazihifadhiwi mahali ambapo mtafiti au mjukuu ataweza kuzipata.

Mfano wenye uzito zaidi ni kamusi elezo ya Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, ambayo imekwisha kupita makala 80,000. Si zote zilizo nzuri. Nyingi ni fupi mno, na nyingine zina Kiswahili cha kukwaruza. Lakini kwa mizani ya makala haya ina sifa moja inayoitenga na mchezo wa kibandani na hata na Zau: msomaji aonaye kosa aweza kulisahihisha. Mtu wa Kinango akikuta kwamba makala juu ya Waduruma ina upungufu, halazimiki kulalamika. Hufungua ukurasa na kuandika. Hapa ndipo desturi ya hadhira kumsahihisha msimulizi inapopata makao mapya. Jamii ya namna hiyo ina thamani hata kama wanajamii wake hawatakula sahani moja.

Ni vyema pia kukumbuka mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao mwaka 2004 ulitoa programu ya ofisi iitwayo Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Mradi huo uliwezekana kwa sababu programu ya asili ilikuwa huria, yaani iliruhusu kufunguliwa na kubadilishwa. Wanaisimu wamezoea kubishana kama mashine iitwe kompyuta, kama ilivyo kawaida Tanzania, au tarakilishi, kama inavyopendelewa shuleni Kenya. Ubishi huo una nafasi yake. Lakini jina la mashine ni jambo dogo likilinganishwa na ruhusa ya kuyapa majina yaliyomo ndani yake.

Maana ya kumiliki

Yakifikiriwa hayo, umilikaji wa tarakilishi unapata maana tofauti na ile ya mjadala wa vishikwambi. Mashine ya kibandani imefungwa. Mwenyewe ameinunua, lakini hawezi kubadili neno moja la mtangazaji wake. Amemiliki sanduku, mchezo ungali wa waliouunda. Tarakilishi ni kitu kingine. Kwa hiyo mtu aweza kucheza, lakini pia aweza kuandika, kurekodi, kuhariri na kutunga mchezo. Programu ya Scratch, iliyotolewa mwaka 2007 na Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts ili kuwafundisha watoto kutunga michezo na hadithi zao, hupatikana bila malipo, na miongoni mwa lugha ambazo amri zake zaweza kuonyeshwa ni Kiswahili. Mtoto awezaye kupanga amri hizo aweza kutunga mchezo wa vitendawili ambamo aliyeshindwa hudaiwa mji.

Hapa yapasa kukubali hoja inayoelekea kuipinga sifa iliyokwisha kutolewa kwa baraza. Utunzi wahitaji muda na faragha. Hakuna ajifunzaye kutunga kwa kukodi mashine kwa dakika kumi huku nyuma yake wamesimama watu sita wanaongoja zamu. Baraza humlea msemaji. Haliwezi peke yake kumlea mtunzi wa programu. Shule zilipofungwa nchini Kenya kwa sababu ya ugonjwa wa korona, kuanzia Machi 2020 hadi zilipofunguliwa kwa wote Januari 2021, wanafunzi wenye mashine na intaneti majumbani waliendelea na masomo kwa namna fulani, na wasiokuwa navyo wakabaki nje. Kumwambia mtoto wa Kinango kwamba utajiri wake ni baraza, ilhali mwenziwe wa mjini ana baraza na mashine pia, ni kumtuliza kwa maneno.

Basi umilikaji una thamani, na thamani hiyo haitokani na fahari ya kuwa na kitu. Inatokana na haki ya kukaa na chombo muda mrefu kiasi cha kukifungua, kukikosea na kukigeuza. Haki hiyo si lazima iwe ya mtu mmoja mmoja. Ubao wa bao ulio barazani una mwenyewe, lakini hutumiwa na mtaa. Maktaba au kituo cha jamii chenye tarakilishi kumi, umeme wa kutegemewa na mwalimu mmoja ajuaye Kiswahili cha kazi hiyo kingewafaa vijana wa Kinango kuliko vishikwambi mia vilivyofungiwa kabatini kwa hofu ya wezi.

Pingamizi

Zimebaki hoja za wazazi na walimu. Wanasema kwamba vibandani vijana hupoteza muda wa masomo, kwamba wengine huwekeana dau wakageuza mchezo kuwa kamari, na kwamba lugha isemwayo humo ni chafu. Hoja hizi hazifai kudharauliwa. Dau la shilingi hamsini kwa kijana asiyekuwa na kazi laweza kuwa chakula cha nyumbani. Lakini ugonjwa huo haukuletwa na mashine, maana karata zina kamari yake. Tiba yake ni kuupa mchezo kazi nyingine, na kuipa hadhira nafasi ya kufanya zaidi ya kulipa na kungoja. Kuhusu lugha chafu, wanafasihi wanafahamu kwamba vijembe na mipasho ya pwani haikupata kuwa safi daima, na ikahifadhiwa hata hivyo kwa sababu ya ufundi wake.

Pingamizi zito zaidi ni lile la wanaodai kwamba mambo haya si kazi ya idara za lugha. Kazi ya idara, wasema, ni kuhifadhi ngano za wazee kabla hawajafa. Kazi hiyo ni ya lazima. Kwa Chiduruma, ambacho hakina maandishi mengi, ni ya haraka. Walakini mtafiti aendaye Kinango akarekodi ngano za bibi mchana, kisha jioni akapita mlangoni pa kibanda bila kutega sikio, amerekodi nusu tu ya usimulizi wa mji huo.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mchezo wa video, jamii ya mtandaoni na umilikaji wa tarakilishi ni mambo matatu yenye thamani tatu zisizolingana. Mchezo wa kibandani una thamani kwa sababu ya hadhira inayoufunika kwa lugha yake, lakini hadhira hiyo haiwezi kuugusa. Mchezo kama Zau una thamani kwa kukiingiza Kiswahili na msiba wa kweli katika mashine, lakini humwacha mchezaji akiwa msikilizaji. Jamii ya mtandaoni ina thamani pale inapompa mwanajamii haki ya kusahihisha. Na tarakilishi ina thamani kubwa kuliko vyote pale tu inapotumiwa kutungia.

Idara za lugha za Afrika zina wajibu wa namna mbili. Wa kwanza ni kukusanya na kuhakiki lugha ya vibanda kama zilivyokusanya majigambo na nyimbo, kabla mashine hazijaenea majumbani na kila kijana akabaki peke yake na mtangazaji wa Kiingereza asiye na wa kumfunika. Wa pili ni kushirikiana na walimu wa sayansi ya tarakilishi ili msamiati wa utunzi wa programu ufundishwe kwa Kiswahili mapema, tangu shule za msingi, na ikiwezekana kwa lugha za nyumbani kama Chiduruma. Bila hayo, serikali yaweza kugawa mashine milioni nyingine, na mtoto wa Kinango atazipokea kama anavyopokea kitendawili kigumu: atakaa kimya, atashindwa, na hakutakuwa na mtu wa kumwomba mji.